Siku Niliyotangaza Kupatwa kwa Jua

Naona haya hata kuandika. Leo asubuhi nilielekeza darubini ya ami kwenye jua, mwanga ukaangukia karatasi. Katikati ya duara palikuwa na doa jeusi. Mimi, nisiyethubutu hata kuitikia salamu kwa sauti, nikakimbilia msikitini nikipiga kelele: "Maalimu, jua linapatwa!"

Watu wakatawadha, safu zikajaa kwa swala ya kupatwa kwa jua. Kabla ya kuswalisha, Maalimu akataka kuona mwenyewe. Nikaitega darubini uani.

Akaitazama karatasi kitambo.

"Mwanangu, kupatwa huanzia ukingoni. Hili liko katikati, ni doa la jua lenyewe. Hamkufundishwa huko sekondari?"

Tulifundishwa.

"Basi tuswali nini, bwana msomi?" akauliza mzee mmoja, ndevu zikimchuruzika maji.