Nilivyolomba kura niwe président ya bashauri ba masomo ku Baraka, na ile kofia niliachaka

Wakuu, jambo kwenu bote. Ile neno "wakuu" niliizoea wakati tulikuwa bakimbizi kule ngambo ya ziwa, haijanitoka mu kinywa.

Mi njo Alimasi, mzee ya Mboko. Naandika na kidole moja, mutanivumilia. Na chumvi mutakuta humu ni ya ndakala tu, bale badagaa, haiko ya maneno. Yote ilinipata mimi mwenyewe.

Nianze mbali kidogo.

Ku nyumba yetu ya Mboko, wakati niko mutoto, kulikuwa kiti moja tu. Kiti ya baba. Ya miti, na ngozi ya mbuzi fasi ya kukalia. Mama alikaaka ku mukeka, siye batoto chini. Kuku akijaribu kupanda, anakula kofi.

Baba alikuwa muvuvi. (Samaki mikeke ya wakati ule, wakuu, ilikuwa minene kama mukono ya muntu. Leo munakula vidogo vile na munasema Mungu asifiwe. Bon, tuache.)

Siku moja mutumbwi ukamuponda muguu wakati banauvuta inchi kavu. Muguu ukavimba kama muhogo ya kulowekwa. Juma mbili hawezi simama.

Asubuyi akaniita. Akanionyesha kiti yake, asema: "Kaa."

Niliogopa. Niliwaza iko mutego wa kunichapa. Nikakaa na nusu ya matako.

Yeye akajivuta, akakaa ku mukeka fasi yangu. Akaniangalia kutoka chini, asema: "Sasa weye njo baba. Mimi njo Alimasi. Baba, niende ku masomo ao niende ku ziwa?"

Wakuu, kutoka ku ile kiti niliona bintu sikuonaka kutoka chini. Niliona mama anakwangua chungu yenye haina kintu. Niliona badogo zangu babili banaangalia ile chungu. Niliona ule muguu.

Nikasema: "Enda ku ziwa, mwanangu."

Baba akajivuta karibu na kiti. Kisha asema: "Umesema weye. Haiko mimi."

Basi masomo yangu ikaishia troisième primaire, mwaka ya tatu. Français yangu mupaka leo ni bonjour maître, la porte, la chèvre. Na sikumukasirikiaka baba hata siku moja. Njo mambo ya ile kiti.

Sasa tukuje ku mambo yenyewe.

Nilivua miaka mingi. Kisha vita, kisha ukimbizi, kisha kurudi. Kurudi, mutumbwi hakuna, nguvu hakuna. Nikapata kazi ya sentinelle, mulinzi, ku institut moja ya sekondari kule Baraka. Jina yake nitaiacha.

Banafunzi bapya banafika asubuyi sana, bureau bado kufunguliwa. Banakaa na mimi ku barrière, pale mulangoni. Mutoto anatoka Kilembwe, vumbi mupaka ku kope, anashika bulletin yake ya alama kama muntu anashika yayi. Namuuliza: "Unakuja soma nini?" Asema: "Sijue papa, balinituma tu."

Balinituma tu! Nilisikia hii neno mara ngapi.

Basi nikaanza kubauliza. Unapenda nini? Nani anakungojea ku nyumba? Ukiona damu unafanya nini? Mwaka kwa mwaka nikajua kila option, kila njia ya masomo: pédagogie, gestion, infirmiers, agronomie. Nikajua cours gani inaangushaka bantu na mwalimu gani hacheke. Directeur, muntu muzuri, siku moja asema: "Papa Alimasi, banafunzi banakuamini kuliko mimi mwenye diplôme." Akanipa chumba kidogo kandokando ya dépôt, stoo ya masomo. Bakaandika ku mulango "Mashauri". Meza moja, viti viwili: moja kubwa yenye mugongo, na kigoda.

Munaelewa sasa fasi naenda.

Mutoto akiingia namuweka ku kiti kubwa. Mi nakaa ku kigoda. Namwambia: "Sasa weye njo Papa Alimasi. Mimi njo wewe." Kisha nasema maneno yake kwa kinywa yangu: "Papa, mjomba anataka nisome droit, ile ya sheria, lakini mi naogopa kusema mbele ya bantu." Na yeye, pale juu, ananijibu. Bengine banacheka. Bengine banalia. Lakini kila muntu anajijibu.

Sheria ilikuwa moja tu: ku ile kiti hatudanganye. Ukitaka kudanganya, shuka kwanza.

Eeh, ile miaka! Bananiletea karanga, bananiletea ndizi za Kilembwe, mama moja alinileteaka jogoo mwenye aliwika mu bureau siku nzima. Mupaka sasa nikipita mu soko ya Mboko, daktari moja mwenye nilimukalisha ku kiti anasimamisha moto, pikipiki yake: "Papa, kiti inaendelea aje?" Sikuwa na mshahara ya maana. Lakini nilikuwa muntu.

Sasa bashauri ba masomo ba teritware ya Fizi biko na Umoja yabo. Balimu, baprofesa, kila muntu mwenye anasaidia banafunzi kuchagua njia. Bashauri ba Baraka, ba Fizi, ba Mboko, ba Kilembwe. Mi njo nilikuwa peke yangu bila diplôme. Mwaka fulani président yetu akahamia Uvira. Fasi ikabaki wazi.

Nitasema kweli yote, maana nilitoa neno. Nilitaka ile fasi. Nilisikia njaa yayo. Prezida anakaa mbele, picha yake inatundikwa ku ukuta ya salle ya mikutano. Mutoto ya troisième primaire, ku ukuta! Nilinunua kofia mpya ya kahawia. Mbele ya kioo nilijaribu namna ya kuivua ku salamu.

Lakini kazi ya prezida ni nini? Ni baruwa. Bukavu banaandika, Uvira banaandika, zote mu français: mutoto huyu amepokelewa, huyu anakosa karatasi hii, mwisho ni tarehe hii. Prezida anasoma, anaita muntu, anajibu. Hapo nilijua sitaweza kuzisoma. Nilijiambia: tutaona mbele.

Mushindani wangu alikuwa préfet, mukubwa ya masomo moja kule Fizi. Muntu wa tai shingoni hata na jua kali. Tulipokutana ku kantine akanitania mbele ya bantu: "Mzee, baruwa utasaini na kidole?"

Nikamujibu: "Kidole hii imetoa miiba ya mikeke kuliko kurasa zenye umesoma."

Kantine nzima ikacheka, yeye pia. Hakuwa muntu mubaya. Alikuwa mukavu tu.

Mwenye alinitafutia kura ni Riziki. Lazima nibaambie juu ya Riziki.

Alitoka Kilembwe, mutoto ya mulimaji. Siku ya kwanza alikaa ku kiti kubwa na miguu haigusi chini, akajijibu bila kungoja: "Enda kuwa infirmière, baba yako anangojea kukuona na blouse nyeupe." Alivyofaulu examen d'état, ule mutihani ya mwisho, tulituma dossier yake ku masomo moja kule Uvira. Adresse tulitia ya bureau yangu, maana Kilembwe baruwa hazifikaka.

Leo yeye ni mwalimu ya bauguzi kule Baraka, mushauri pia, mama ya batoto batatu. Alipita nyumba kwa nyumba: "Pigeni kura kwa Papa Alimasi, bila yeye ningekuwa napalilia muhogo mupaka sasa."

Kila alivyosema vile, niliangaliaka pembeni. Mutajua sababu.

Siku ya kura tulikusanyika mu salle ya paroisse, kule kanisani, saa ine ya asubuyi. Salle ikajaa. Kura yetu ni ya mikono, hakuna karatasi. Kwa kuhesabu sura nilijua nimeshinda. Bamama ba Mboko peke yabo walijaza mistari miwili, na balimu benye nilibakalisha ku ile kiti biko kila fasi.

Préfet akasema kwanza. Mu français, murefu, na vidole anahesabu. Bantu banapunga bitabu vya nyimbo juu ya joto.

Kisha ikafika zamu yangu. Nikasimama, nikavua kofia vizuri sana, lakini kabla nifungue kinywa Riziki akainuka.

"Bandugu," asema, "huyu papa hajue discours. Muache nibaonyeshe kazi yake."

Akakamata kiti ya prezida kule mbele, ile yenyewe, akaiweka katikati. Akatafuta kigoda ya muimbishaji. Akanikalisha mimi ku kiti kubwa. Bantu banapiga makofi. Nikaweka kofia ku magoti.

Yeye akakaa chini, akajikunja mugongo kama mzee, akakohoa kama mimi. Salle ikavunjika na kicheko.

"Papa mushauri," asema na sauti yangu, "mimi njo Alimasi. Nilisoma miaka tatu tu. Nataka kuwa prezida ya Umoja. Niambie, nisimame ao nisisimame?"

Mama moja wa Mboko akapaza: "Mwambie asimame! Na alinunua kofia kabisa!"

Kicheko tena. Riziki ananiangalia kutoka chini, macho inangaa. Alijua nitasema "simama mwanangu," bantu bainue mikono, tukule bukari, ugali yetu.

Wakuu, nilikuwa ku kiti. Mimi mwenyewe njo nilifundishaka ile sheria.

Ningeweza kushuka. Mupaka leo najiuliza juu ya nini sikushuka.

Nikamwambia: "Alimasi, baruwa zikifika, nani atasoma?"

Yeye, bado anacheza: "Nitatafuta muntu anisomee, papa."

"Hautatafuta," nikasema. "Utasikia haya."

"Haya ya nini? Mi mzee sina haya!"

"Uko nayo, Alimasi. Kuna baruwa moja ilifika kutoka Uvira. Ya mutoto moja ya Kilembwe. Uliona kashe, ule muhuri, uliona jina yake, ukajiambia hii ni habari njema, atakuja kuisoma siku ya soko. Mwalimu alikuwa ku mulango wa pili. Haukumuuliza, maana angejua kama mushauri hasome français. Uliifungia mu cahier, mu daftari yako, juma tatu."

Riziki aliacha kujikunja. Mugongo ukanyooka pole pole.

"Ilisema balete diplôme ya kweli mbele ya tarehe fulani. Mutoto alivyofika, tarehe ilipita. Akakuuliza: Papa, ilifika lini? Ukamwambia jana. Ukasema gari ilichelewa ku barabara."

Bantu baliacha kupunga bitabu vya nyimbo.

"Alingoja mwaka muzima. Mu ule mwaka baba yake alikufa, hakuona blouse."

Na mi nikamaliza kazi yangu ya mushauri: "Basi usisimame, Alimasi. Muachie mwenye anasoma."

Hapa nisimame kidogo niseme yenye nilijifunza, maana uzi bila funzo munakasirikaka. Kama haujue kusoma kintu, uliza. Haya inauma siku moja. Mwaka ya muntu hairudi. Nilikalisha batoto mia na mia ku ile kiti, mimi mwenyewe sikuikalia kwa kweli tangu siku ya muguu ya baba.

Na ninyi munaosoma, mungefanya aje? Mungeshuka kwanza? Ningemutafuta Riziki peke yake nimwambie, badala ya kumwambia mbele ya salle nzima? Hii njo inanisumbua. Andikeni hapa chini, hata matusi, nitasoma pole pole. Yenye iko mu français sitajifanya, nitauliza jirani.

Riziki alisema "Papa". Mara moja tu. Sikujua kama iko "Papa" ya hasira ao ya nini, maana nilikuwa nimeinuka tayari na sikuangalia nyuma. Bantu bakanifungulia njia katikati ya mabenchi, kama banafungulia muntu mwenye anabeba maji ya moto.

Inje jua lilikuwa kali. Kichwa ikaanza kuungua, nikajigusa, nikakuta kofia haiko. Ilibaki kule ku kiti.

Nikawaza kurudi. Nikasikia kule ndani sauti ya préfet inasema mikono, mikono. Nikaita moto.

"Mzee, wapi?"

"Mboko."

"Bila kofia na hii jua?"

"Enda tu, mwanangu."

Tukaenda. Sijarudi Baraka.