Mama Pazia Anakwenda Kusoma Kifaransa

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, kwa sababu nusu ya mapazia ya ofisi, zahanati na nyumba za wageni za mji ule yalikuwa yamepita chini ya sindano yake. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana: cherehani karibu na dirisha, majora ya kitambaa yamesimama ukutani kama wageni waliokosa viti, na pini kila mahali, hata kwenye slipa. Sauti yake haikuhitaji simu. Akimwita mtu wa ng'ambo ya barabara, na wa mtaa wa nyuma anageuka.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na watu walimwita Baridi. Wasiomjua walidhani ni kwa ajili ya kazi yake. Waliomjua walijua ni kwa ajili ya mdomo wake. Ukimuuliza jambo asubuhi, jibu ulilipata jioni, tena neno moja, na hilo moja nalo alilitoa shingo upande. Alipomwoa Mama Pazia alimwambia kwamba hana ndugu, wote walikufa zamani, na asimuulize zaidi. Mama Pazia hakuuliza. Alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili.

Walijaliwa mtoto mmoja, wa kiume, aliyekwenda kusoma nchi ya mbali, akaoa hukohuko, akapata mtoto. Mjukuu huyo alizungumza Kifaransa kitupu. Baba yake alikuwa akiahidi kumfundisha Kiswahili "tukishatulia," ila kutulia kwenyewe ndiko kulikokuwa hakujafika.

Jumapili moja mtoto alishika simu ya video peke yake, wazazi wakiwa chumba kingine. Akasema maneno marefu huku amekunja uso, akionyesha shavu kwa kidole. Mama Pazia akadhani ni mchezo. Akacheka, naye akakunja uso, akajionyesha shavu. Mtoto akamtazama, akasema tena, polepole. Bibi akacheka zaidi. Basi mtoto akaiweka simu chini, na kwa muda mrefu kioo kikawa kinaonyesha dari tu.

Baridi, aliyekuwa kwenye kochi akifungua injini ndogo ya feni, aliinuka akatoka nje.

Dari ile ilimkaa Mama Pazia moyoni. Siku iliyofuata alimwendea mdogo wake, mwenye duka la viatu, akamkuta anapanga raba.

"Nakwenda kusoma Kifaransa."

"Wapi? Na magoti hayo?"

"Hukohuko wanakokizungumza. Kuna shule, unakaa nyumbani kwa mwalimu mwezi mzima. Unapika naye, unakwenda naye dukani, na ni marufuku kusema lugha nyingine. Ukitaka chumvi na hujui kuiomba, unakula hivyohivyo. Nikimaliza napanda treni kwenda kwa mjukuu wangu."

Mdogo wake aliweka kiatu chini. "Dada, wewe kukaa kimya mwezi mzima? Si utapasuka!"

Lakini Mama Pazia akishakata kitambaa hakirudi kwenye jora. Alijiandikisha. Alipiga picha ya pasipoti mara nyingi mpaka mpiga picha akamwomba aache kuongea. Alimuuliza mwanawe mapazia ya huko ni ya kitambaa gani, na aliposikia ni mazito, yenye bitana, akaelewa baridi ya huko bila kuelezwa zaidi, akajishonea koti. Mdogo wake alikubali kushika karakana, kwa sharti kwamba wateja wakorofi wangoje.

Na alijifunza. Alikuwa na masomo kwenye simu, akiyasikiliza huku anashona, akirudia maneno kwa mwendo wa cherehani. Jikoni alimfanyia Baridi mazoezi. Alimsalimu kwa Kifaransa, akamwonyesha kijiko, sufuria, dirisha. Baridi aliitikia kwa kichwa. Kila baada ya chakula cha jioni Mama Pazia aliegemea kiti, akajipiga tumbo, akatamka kwa fahari sentensi aliyoitunga mwenyewe ya kusema kwamba ameshiba. Hapo Baridi alishikwa na kikohozi, akakimbilia uani.

"Kamwone daktari," Mama Pazia alimwambia. "Kikohozi gani hiki cha baada ya kula tu?"

Shule ikataka kumsikia kabla ya safari, ili ijue imweke darasa gani. Mwalimu angempigia mchana, kwa video. Siku hiyo Mama Pazia alikuwa ameahidi kutundika mapazia ya zahanati moja, akaiacha simu nyumbani ikichajiwa, akijua atawahi. Hakuwahi. Fimbo ya pazia la chumba cha sindano iling'oka na kipande cha plasta, ikabidi aanze upya kutoboa ukuta. Alipomaliza alirudi nyumbani karibu anakimbia, akirudia salamu midomoni, jasho linamtoka.

Alipofika langoni alisikia Kifaransa kinatoka dirishani kwake. Akapumua. Alidhani mdogo wake, aliyeahidi kupitia pale, amewasha yale masomo ya simu. Lakini haikuwa sauti ya masomo. Mwanamke alikuwa anacheka, na mwanamume anamjibu, haraka haraka, kwa raha, kama mtu aliyekaa barazani kwake anapiga soga.

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, macho yamemtoka.

"Nani yuko ndani?" Mama Pazia aliuliza.

"Shemeji."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine, dada. Ni shemeji."

Mama Pazia alimsukuma pembeni, akaingia. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye cherehani. Mbele yake alikaa Baridi, mume wake, mtu wa neno moja, naye alikuwa anamwaga maneno. Mikono yake ilikuwa inaruka hewani. Mikono ambayo katika ndoa yao yote haikuwahi kupanda juu ya mkanda wakati anaongea. Hata uso haukuwa ule. Mashavu yalikuwa yamepanda, nyusi zinacheza. Mama Pazia alitazama shati, akaliona ni lile alilolipiga pasi asubuhi. Bila shati lile angesema ni mtu mwingine.

Baridi akageuka, akamwona. Maneno yakamkatikia kinywani.

Mwalimu wa kwenye simu aliendelea kidogo, akangoja, akauliza jambo. Mkono wa Mama Pazia ndio ulioizima simu, maana akili yake ilikuwa bado iko mlangoni. Akakaa juu ya jora la kitambaa cha wodi ya wazazi.

"Wewe ni nani?" aliuliza. Ile sauti ya kuvuka barabara haikuwepo.

"Ni mimi."

"Umejifunza wapi?"

"Sikujifunza," Baridi alisema. "Ndiyo lugha niliyozaliwa nayo."

Mdogo mtu alijiegemeza kwenye fremu ya mlango. "Jamani," alisema, "jamani, jamani," akaondoka taratibu kama anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Baridi alieleza kwa shida, akisimama kila baada ya maneno machache. Alizaliwa nchi nyingine. Baba yake na mama yake walitoka makabila mawili, hawakuelewana kwa lugha za kwao, basi nyumbani wakatumia Kifaransa. Alikuwa kijana wa sekondari alipotumwa mji wa jirani, na siku aliyorudi akakuta nyumba imeungua. Baba, mama na dada zake wawili walikuwa ndani. Hakusubiri maziko. Alidandia lori, akavuka mpaka, akashuka mahali ambapo hakuna aliyezungumza kile Kifaransa, akaanza maisha.

"Kila neno lake lina sauti ya mama," alisema. "Nikilisema nawasikia wote. Basi nikaacha. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwambia, na kila mwaka ulivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Leo simu imelia, nikaona mwalimu atadhani huna nia, watakunyima nafasi. Nikapokea nimwambie tu kwamba umechelewa. Akaniuliza habari za nyumbani. Kinywa kikafunguka chenyewe."

Mama Pazia alitaka kulia kwa ajili ya nyumba ile iliyoungua. Lakini jambo jingine lilikuwa limeanza kupanda kifuani, na lilipofika juu lilimwinua alipokaa.

"Mjukuu," alisema. "Siku ile ya shavu. Wewe ulikuwa hapo kwenye kochi."

Baridi akainamisha kichwa.

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema jino linamuuma. Anasema, bibi, linauma sana, usicheke."

Mama Pazia alihisi kama amemwagiwa maji ya kwenye friji. Alikumbuka jinsi alivyocheka. Alikumbuka mara ya pili, alivyocheka zaidi.

"Ulisikia," alisema, "ukainuka ukatoka?"

"Nilitoka kumpigia baba yake. Nikamwambia amwangalie mtoto meno. Aliniuliza nimejuaje, nikamwambia nimeona tu."

"Miaka yote mtoto anakuita babu kwenye simu, unamwelewa kila neno, unanipa simu mimi nisiyeelewa hata moja!" Sasa sauti ilikuwa imerudi, na ng'ambo ya barabara watu waligeuka. "Mimi napanga kupanda ndege kwenda kulala kwa watu nisiowajua, nitafute kitu kilicholala kitandani kwangu!"

Mama Pazia aliingia jikoni, akaubamiza mlango.

Nyumba ilipoa siku kadhaa. Safari hii anayenyamaza alikuwa mwanamke, na anayezungukazunguka akitafuta neno la kusema alikuwa mwanamume. Mama Pazia alishona, hakuwasha masomo yake. Usiku alimtazama mtu aliyelala kando yake, akajiuliza huwa anaota kwa lugha gani.

Hatimaye, wakiwa mezani, akauliza bila kumtazama: "Na kile kikohozi?"

Baridi aliweka kijiko chini. "Ile sentensi yako ya kushiba."

"Ina nini?"

"Husemwa juu ya ng'ombe. Ng'ombe mwenye mimba."

Alijiona kila jioni, ameegemea kiti, anajipiga tumbo, anamtangazia mumewe kwa fahari kwamba yeye ni ng'ombe na ana mimba. Alijaribu kukasirika. Kicheko kikamtoka puani kwanza, kisha mdomoni, mpaka akaishika meza, na machozi yalipokuja hakujua ni ya kicheko au ya nini. Baridi naye alicheka, safari hii bila kukimbilia uani.

Jumapili iliyofuata simu ilipolia, Mama Pazia aliichukua akamwekea mumewe mapajani. Baridi akamsalimu mtoto kwa Kifaransa. Kule mtoto akakodoa macho, akaangalia nyuma ya simu kama kuna mtu aliyejificha. Kisha akaanza kusema, na hakunyamaza tena. Mwanawe alitokea kwenye kioo, mswaki mdomoni, amesimama kama nguzo.

"Baba?" alisema. "Baba?" Ikabidi mama yake ampe habari yote, mara mbili, maana ya kwanza hakuisikia.

Mdogo wa Mama Pazia alidhani safari imekufa. "Si una mwalimu ndani, wa bure!"

"Huyu?" Mama Pazia alisema. "Ananionea huruma. Nikikosea anakohoa. Nakwenda."

Akaenda, baada ya mwalimu kumpigia tena na kumweka darasa la chini kabisa. Nyumba aliyofikia ilikuwa na ngazi nyembamba na chumba kisafi chenye mapazia mabovu, yaliyokatwa mafupi. Asubuhi ya kwanza alioga, akagundua hakuna taulo, akagundua hajui taulo inaitwaje. Alijikausha kwa shuka. Kisha akampigia mumewe. Mwalimu mwenye nyumba alikuwa sebuleni, mlango wazi, na sheria ni sheria, kwa hiyo hakuweza kumuuliza kwa Kiswahili.

Alieleza kwa maneno machache ya Kifaransa aliyokuwa nayo: kitu, cha maji, baada ya maji. Baridi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia neno lenyewe. Mama Pazia akalirudia. Mumewe akamsahihisha. Akalirudia tena, na Baridi, kwa lugha ya mama yake, akamwambia mkewe kwamba sasa amepatia.