Paka Asiye na Manyoya Katika Nyumba ya Vioo

Wifi yangu alimleta paka yule kutoka Maputo hadi kwetu Palma ndani ya kikapu cha plastiki chenye mlango wa waya, na siku ya kwanza mama yangu alikataa kula chumba kimoja naye. Hakuwa na unyoya hata mmoja. Ngozi yake ilikuwa ya rangi ya waridi yenye mabaka ya kijivu, imekunjamana shingoni kama soksi iliyoshuka, na masikio yake makubwa yalikuwa membamba hata mwanga ukipita nyuma yake unaiona mishipa.

"Anaumwa nini?" mama aliniuliza.

"Haumwi, mama. Ndivyo alivyozaliwa. Maputo watu wanawafuga."

"Basi Maputo kuna watu wana subira."

Wakati huo nilikuwa nimerudi kufundisha shule ya msingi, baada ya ile miaka ya vita tuliyokaa kwa ndugu katika mji wa Pemba, huku huku Msumbiji. Nyumba ya mama ilikuwa bado haina paa, kwa hiyo mimi na yeye tulikaa kwa kaka yangu, ambaye kazi yake ni melini: wiki nyingi majini, wiki chache nyumbani. Nyumba yake iko juu kidogo ya ghuba. Mkewe alitaka aione bahari akiwa amekaa, na kaka akamjengea sebule yenye madirisha matatu ya vioo upande wa mashariki, yanayoanzia magotini hadi karibu na dari, vioo vya kusukuma kando na nyavu za mbu kwa nyuma. Mama hakuizoea sebule ile. Alisema nyumba imefumbua macho mno. Yeye alizaliwa na kuzeeka katika nyumba za madirisha madogo ya mbao, ambayo jua likipanda unayafunga na kukaa gizani kwa raha.

Mwezi wa Agosti wifi alikuwa na mimba ya miezi saba, na wauguzi walimshauri ajifungulie karibu na hospitali kubwa. Akaamua kwenda kwa mama yake Maputo. Paka hangeweza kusafiri naye safari hii.

"Mana, ni miezi minne tu," aliniambia. Yeye huniita mana, kama waitanavyo dada huko kwao.

Alinionyesha kila kitu. Paka wa namna ile huogeshwa kila wiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya watoto, kwa sababu ngozi yake hutoa mafuta na hakuna manyoya ya kuyanyonya. Masikio hupanguswa. Ana vifulana vyake vya pamba vya asubuhi zenye baridi. Aliyaandika yote kwa Kireno kwenye karatasi, akaibandika kwenye friji. Hakuandika neno lolote juu ya jua. Nimeisoma karatasi ile mara nyingi tangu hapo.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Paka hakupenda kitu chochote kuliko joto. Mchana mmoja mama alipokuwa amejinyoosha kwenye mkeka, alimpanda miguuni akajikunja juu ya goti lake bovu, lile linalomsumbua siku nyingi. Nikaenda kumwondoa.

"Mwache," mama akasema, macho kayafumba. "Ana moto kama mkate. Goti limepata nafuu."

Tangu siku hiyo paka akawa wake. Alimsemesha. Alimchagulia nyama ya samaki isiyo na mwiba. Na alipoona ngozi ya mgongoni inakauka na kutoa unga, alifanya alichotufanyia sisi wote utotoni: alimpaka mafuta ya nazi, yale anayoyakamua mwenyewe, kuanzia utosini hadi mkiani. Asubuhi moja nilimkuta paka anang'aa kama sahani, nikacheka. Sikumkataza mama. Mimi ndiye niliyeachiwa karatasi, na sikumkataza.

Baada ya kupakwa, paka alikwenda dirishani. Kizingiti cha ndani kilikuwa kipana kumtosha, na jua la asubuhi liliingia moja kwa moja kutoka baharini. Mimi nilikuwa nasukuma kioo nusu ili upepo uingie, nikibakiza wavu tu. Alilala pale tangu jua linapotoka hadi saa nne, akigeuza mgongo, akigeuza tumbo. Tulimwona amestarehe. Ilikuwa raha kumtazama.

Siku moja nilirudi kutoka shuleni saa sita, nikamkuta mama amekaa chini sakafuni, paka kamzungushia kanga iliyoloweshwa maji.

"Amekuwa mwekundu," alisema. "Nikimgusa analia."

Nilifunua kanga. Mgongo wote ulikuwa mwekundu kama pilipili, na moto niliusikia kabla mkono haujafika. Ncha za masikio zilikuwa zimevimba. Nikasema tusubiri hadi kesho, huenda ni joto tu. Mama alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wanaosema daftari limesahaulika nyumbani.

"Huyu ni mtoto wa watu, ameachwa mikononi mwetu. Nenda kamwite yule bwana wa mifugo."

Tekniku wa mifugo, ndivyo tunavyomwita bwana huyo, ni mtu wa bara, wa Mueda, mpole, mwenye sauti ya chini. Alikuja na pikipiki yake alasiri ileile. Alisimama sebuleni akamwangalia paka kwa muda mrefu.

"Profesora," aliniambia, kama tuitwavyo walimu huku, "nimetibu mbuzi, ng'ombe, kuku na mbwa. Kitu hiki sijapata kukiona." Kisha akachuchumaa. "Analala wapi?"

Nilimwonyesha dirisha. Akauweka mkono wake kwenye kizingiti, pale paka alipokuwa akilala, akausukuma ule wavu kidogo kwa kidole.

"Mnampaka kitu?"

"Mafuta ya nazi," mama akajibu. "Ya kwangu mwenyewe. Hayana uchafu."

Tekniku akatafuta namna ya kusema. "Mama atanisamehe kwa mfano nitakaoutoa. Kwetu tunafuga nguruwe. Wale weusi hawana shida. Lakini wale weupe, ukiwafungia juani bila kivuli wala tope, wanaungua ngozi hadi inachubuka. Sasa huyu ni mweupe kuliko wao, na ninyi mmemtia mafuta mkamweka juani."

Niliona haya kwa niaba ya mama. Lakini yeye alisema tu, "Sema baba, kumtaja si kumla. Kwa hiyo nimemkaanga?"

"Hukujua, mama."

"Nimemkaanga," mama akarudia, safari hii bila kuuliza.

Tekniku alitueleza tufanye nini. Vitambaa vya maji ya kawaida, si ya barafu. Mafuta basi, na krimu za watu pia basi, maana paka hujilamba na kinachokaa juu ya ngozi kinaishia tumboni. Kwa masikio alituletea dawa ya kidonda, akatuonyesha namna ya kumvika shingoni kola ya katoni asijikune. Kuhusu dirisha alisema kioo huzuia upepo kuliko kinavyozuia jua; sehemu ya jua inapita humo bila kuonekana, na pale tulipofungua ilikuwa inaingia yote.

"Lakini yeye anatafuta joto," nilisema.

"Mpeni joto lisilo na jua. Blanketi, kikapu, magoti ya mama."

Ijumaa ilifika. Kila Ijumaa wifi alikuwa akitaka picha ya paka kwenye selulari, simu ya mkononi. Nilimgeuza paka akaonekana uso na kifua, upande usioungua, kola nikaivua kwa dakika moja, nikapiga. Wifi akarudisha mioyo mitano. Nikaweka simu kifudifudi mezani.

Ijumaa ya pili nilipoanza tena kumgeuza, mama aliniona.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia akishajifungua. Ana mimba, mama, sitaki kumshtua."

"Humwonei huruma yeye. Unajionea mwenyewe." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu. Nibonyezee nimtumie sauti yangu."

Mama hajui Kireno zaidi ya salamu, na wifi Kiswahili chake ni cha sokoni. Mama alizungumza taratibu, simu ikiwa karibu na midomo kama mtu anayepuliza moto. "Mwanangu, ni mimi mama mkweo. Paka wako ameungua jua, dirishani. Mimi ndiye niliyempaka mafuta, sikujua. Anapona. Sikio moja litapungua ncha. Unisamehe."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima, nayo ilikuwa saa ndefu. Wifi alikuwa analia, akichanganya Kireno na Kiswahili. Nilimtafsiria mama kipande kwa kipande. Wifi alisema alijua. Alijua paka kama yule haachiwi juani, hata nyuma ya kioo. Kule Maputo alikuwa na mapazia mazito. Alitaka kuliandika jambo hilo kwenye karatasi. Lakini alikwishaandika sabuni na masikio na vifulana, akaona akiongeza na la kufunga madirisha, mama mkwe atasema huyu bibi ametuletea mfalme. Akaogopa tutamkataa paka. Akajiambia labda tutafunga wenyewe.

Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Ningesema kweli," alisema. "Ningesema hivyohivyo."

Kisha akaniagiza nimtafutie ukindu wa kusukia mikeka ya kuziba madirisha.

Mama ni msusi wa mikeka. Vidole vyake vimepinda sasa, lakini ukili wake bado unatoka mnyoofu. Kwanza tulihitaji kujua jua linaingia wapi na linafika wapi, na hiyo ikawa kazi yangu. Siku ya Jumamosi nilichukua chaki ya shuleni, na kila saa nikachora sakafuni mstari pale mwanga unapoishia. Saa moja asubuhi ulifika hadi mlango wa jikoni. Saa tatu ulikuwa katikati ya sebule. Saa tano ulirudi ukabaki mkanda mdogo chini ya dirisha. Paka, na kola yake, alinifuata mstari kwa mstari akitaka kulala ndani ya mwanga, nikawa nachora kwa mkono mmoja na kumbeba kwa mwingine.

Kwa wiki hizo za kusuka tulitundika blanketi na kanga zilizokunjwa mara mbili. Kanga moja haitoshi. Ukiinua mkono nyuma yake unaona vidole vyote. Mama alimaliza mkeka wa kwanza mwishoni mwa Septemba, mzito, wenye kamba ya kuukunja na kuushusha. Wa pili na wa tatu ikafuata. Sebule ikawa na giza la kahawia, na kwa mara ya kwanza mama alilala humo mchana bila kujifunika uso. Paka tulimwekea kikapu na blanketi kwenye kona ya jikoni, kando ya ukuta wa nyuma ya jiko la mkaa.

Mwezi wa Novemba paka alitushinda mara moja. Jua lilikuwa limehama kuelekea kusini, mistari yangu ya chaki ikawa ya uongo, na chumba changu, tulichokihesabu kuwa salama, kikaanza kupokea jua asubuhi. Nilimkuta amelala kitandani kwangu ndani ya mwanga, miguu juu. Hakuwa ameungua, labda alikuwa hapo kwa robo saa. Mama akasuka wa nne, nami nikachora upya.

Wifi alirudi Desemba na mtoto wa kike mgongoni. Aliingia, akasimama katikati ya sebule yake aliyoiota, na bahari haikuonekana. Alimchukua paka, akalishika lile sikio lililopungua ncha, akalibusu. Siku ile na kesho yake mikeka ilibaki imeshushwa. Mimi nilijua anakosa nini. Nilimwona anapita karibu na dirisha la kati akinyonyesha, akitazama ukindu.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mama aliinuka mwenyewe kwa goti lake, akavuta kamba moja, ya pili, ya tatu. Jua lilikuwa limekwishavuka paa na kwenda upande wa barabara. Ghuba yote ikaingia ndani, na maji yalikuwa yamejaa.

"Asubuhi ni ya paka," alimwambia wifi. "Kuanzia saa saba ni yako."

Wifi akamkabidhi mtoto. Mama akampokea na kukaa naye chini, mgongo kaupa dirisha.

Ndivyo tunavyoishi mpaka leo, ingawa nyumba ya mama imekwishapata paa na yeye anasema kila mwezi kwamba mwezi ujao atahamia. Mikeka hushushwa na yeyote anayeamka wa kwanza. Mtoto ameanza kutambaa, naye paka humkimbia, hujificha chini ya kiti cha kaka. Jana niliporudi kutoka kazini saa sita niliwakuta wote wamelala, na mkeka wa dirisha la tatu ulikuwa umelegea kamba. Nikaukaza, nikaenda kuchemsha chai.