Ruhusa ya Kupigia Wakubwa Kelele

Binti yetu wa tatu ni gardien, mulinda magoli wa timu ya wasichana hapa mu mutaa wetu wa Murara. Mu timu yote, yeye ndiye mudogo. Alikuwa karibu kupoteza nafasi yake, na mimi sikuelewa, maana mikono yake ni mizuri: mpira ukimufikia, anaukamata.

Kocha alinieleza wazi: "Mama, kukamata anajua. Lakini hasemi. Siku ya posho, Jumamosi, kuko mechi; asiposema, nitaweka mwingine."

Nikaenda kuona mazoezi. Mupinzani alikuwa anakuja kwa mbio nyuma ya beki wetu mukubwa. Mutoto wangu akamuona, akamuita beki Yaya, ni kusema dada mukubwa, polepole, kama mutu anaomba chumvi kwa jirani: "Yaya, tafazali, uangalie nyuma yako." Hajamaliza, goli limeingia. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

"Gardien wetu anatuandikia barua!"

Kwetu mutoto hapandishii mukubwa sauti. Ndivyo nililelewa, ndivyo nilimulea.

Ile mangaribi, papa wa watoto alikuwa anaangalia mechi ya Ulaya. Nikakaa karibu yake, nikaangalia gardien peke yake. Alikuwa anatoka mbali na magoli, ananyoosha kidole, anapanga watu, mudomo haufungi.

"Huyu anagombeza nani hivi?"

"Mabeki wake."

"Hata ule kapiteni wa ndevu?"

"Ule ndiye wa kwanza."

"Mbona anapiga kelele kama mama wa kuuzisha samaki ya Vitshumbi!"

Papa akacheka. "Sasa unaanza kujua mpira."

Nikaona kweli: wengine wote wanamupa mugongo, yeye tu ndiye anaona kiwanja kizima. Kujitupa chini alijitupa kidogo sana. Kukamata ni kwa mwisho, wengine wakishindwa. Kazi yake kubwa ni mpira usimufikie.

Kesho yake beki mukubwa akafika kwetu, mutoto wake kwa mugongo, avokado mu mufuko.

"Mama, nimekuja kuomba ruhusa. Umuachie atugombeze."

"Lakini wewe ni mukubwa wake."

"Mu kiwanja siko na macho kwa kisogo, Mama."

Nikafikiri juu ya mwalimu wangu wa masomo ya mangaribi. Ni kijana, ningeweza kumuzaa. Alikuwa ananikosoa mbele ya watu wote, na leo ninasoma Biblia mimi mwenyewe. Hakunivunjia heshima hata kidogo.

Nikaita binti yangu. "Ukiwa mu magoli, sema kwa nguvu. Ukitoka, salimia wakubwa zako."

"Bila tafazali, Mama?"

"Bila tafazali."

Siku ya posho nilisimama kando ya kiwanja, rozari mu mufuko wa koti. Mpira ukapigwa juu, kutoka pembeni. Nikasikia sauti ambayo sijawahi kusikia mu nyumba yangu: "Yaya, wacha! Toka! Yangu!" Watu wa moto, wale wa pikipiki, kule barabarani waligeuka. Yaya akainama, mutoto wangu akaukamata juu ya kichwa chake.

Tulipata sare tu. Kocha hakumusifu. Alimwambia: "Mardi, Jumanne, mazoezi saa tisa. Usichelewe."

Nikashukuru Mungu palepale, na zaidi kwa ule binti mukubwa. Mutu kuja mwenyewe kuomba mudogo wake amugombeze, hiyo ni neema. Binti yangu alikuwa ameshaenda kumusalimia na mikono miwili, macho chini.

"Mpira wa kwanza ulisema muzuri," Yaya akamwambia. "Wa pili ulichelewa kusema. Mardi unigombeze mapema."