Kikohozi cha Mtoto wa Dada

Mtoto wa dada yangu alipoamka bila sauti, tulicheka. Alikuwa na miaka miwili na mafua ya siku mbili, na alipomwita mama yake ilitoka sauti ya mzee mvuta tumbaku. Nilikuwa likizoni, nimetoka kwetu Magarama, Gitega, kumtembelea dada aliyeolewa Butihinda katika familia iliyorudi kutoka ukimbizini Tanzania.

Kufikia adhuhuri hakuna aliyecheka. Alikohoa kama mbwa anayebweka, na kila akivuta pumzi koo lilitoa mluzi mkavu, ngozi ikibonyea chini ya mbavu.

Mama mkwe wa dada akasema ni kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kimerefuka, kikatwe. Mkataji aliishi jirani.

"Mama, kilimi na sauti vinahusiana nini?" nikauliza.

"Haya, msomi kaanza! Wewe hukukatwa?"

"Nilikatwa, nikiwa mdogo."

"Ukafa?"

Waliokuwa uani wakaangua kicheko. Chuoni nilibishana na walimu hata kuhusu Mungu. Lakini kweli sikufa, na kikohozi changu kiliisha. Kwamba pengine kingeisha chenyewe, sikuwahi kuwaza. Mkataji akaja. Nikamshika mtoto miguu.

Wembe uliingia, damu ikatoka. Kadiri alivyolia ndivyo pumzi zilivyobana. Niliazima baiskeli, dada akakaa nyuma na mtoto kifuani. Tulipofika kituo cha afya midomo ilikuwa imebadilika rangi. Walihangaika naye, hawakuweza kumwokoa.

Muuguzi, mama wa Kivu, alitueleza polepole, kana kwamba tulikuwa na mwingine nyumbani.

"Uvimbe iko chini, penye sauti inatokea. Kilimi haina kosa. Mutoto akikohoa hivi, munamupakata wima, munamutuliza asilie, munamupa maji kidogo kidogo. Musiingize kitu mu koo. Akivuta pumzi na mluzi hata ametulia, munakimbia hapa mbio."

Tulirudi kwa miguu, mimi nikikokota baiskeli, dada amembeba mtoto mgongoni kwa kitenge.

"We ulijua?" akaniuliza.

"Sikujua. Nilikuwa na mashaka tu."

"Na ulimushika miguu."

Nyumbani tulimkuta mama mkwe jikoni, anapooza uji wa mtoto, akiumimina kutoka kikombe hadi kikombe.