Mama Mchina wa Najma

Sisi walinzi tulimwita Mama Mchina. Alitibu watu mtaa wa Najma, hapa Doha, juu ya duka la fundi cherehani. Kabla ya kukuchoma sindano zake nyembamba za Kichina, zisizo na dawa, alikushika kifundo cha mkono, akafumba macho, akayasikiliza mapigo kwa muda mrefu. Mwilini, alisema kwa Kiarabu chake cha kukatikakatika, mna yin ya baridi na yang ya moto, na afya ni viwili hivyo kutoshana. Maji ya barafu aliyachukia; alitupa ya uvuguvugu hata Julai.

Mchana mmoja wa mwaka 2011 nilimpeleka Abubakari, mlinzi mwenzangu, aliyeumwa kichwa tangu asubuhi akiwa getini juani. Mama alimgusa tu, akafumbua macho.

"Hatoki jasho," aliniambia. "Yin imekwisha. Ita ambulensi."

Nikapiga simu. Mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti alishuka ngazi akipiga kelele, akarudi na ndoo ya barafu kutoka duka la juisi, akammiminia yote. Ambulensi ilipofika alikuwa bado amepiga magoti majini, akimwita kwa Kichina.

Abubakari alipona. Mimi nilikuwa nimempeleka pale achomwe sindano upesi, arudi getini.