Mkokoteni wa Mninga

Neno lenyewe lilikuwa moja tu: "Simjui."

Josepha alilisema stesheni ya Tabora, siku treni ya Mwanza ilipokuwa inapakia. Emilian, baba yake, alikuwa na sanduku la bati kichwani na begi la abiria kwapani. Akamwona binti yake akikatiza na Najiat, mwenzake wa darasani, akamwita kwa furaha. Najiat akauliza, "Kuli gani huyo anajua jina lako?" Josepha, mtoto wa miaka tisa, akageuza uso.

"Simjui."

Emilian hakuliangusha sanduku. Alilifikisha behewani, akaliweka sawa, akamtakia mwenye sanduku safari njema. Lakini tangu hapo lile neno likawa zito kuliko sanduku, na hakuona mahali pa kulitua.

Nyumbani kwao Isevya, mkewe Adelina alikuwa na dawa moja. "Baba Josepha, mchape. Mtoto anayemkana baba yake leo, kesho atamkana Mungu."

"Nikimchapa ataniogopa. Sitaki aniogope. Nataka anijue."

"Kwani hakujui? Si unamlisha kila siku!"

"Jumapili tunakwenda Kwihara. Makumbusho."

Adelina akacheka mpaka akashika ukuta. "Tukatazame vitu vya Wazungu?"

"Tukatazame vya kwetu," akasema Emilian. Adelina alimjua mumewe akishasema kwa sauti ile. Akaacha kucheka, akaanza kuwaza viazi vya kuchemsha.

Ndivyo alivyokuwa mtu huyu. Alikuja mjini kutoka Bukene akiwa kijana mwembamba, akabeba mizigo kwa kichwa mpaka alipoweza kujiundia mkokoteni kwa ekseli ya gari bovu na mbao za mninga. Wenzake walimcheka: mninga ni mbao ya vitanda vya matajiri! Akawajibu kwamba mzigo wa mtu ni jasho la mtu, haulazwi kwenye ubao uliooza. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeitwa kuli! Na wanaomwita hivyo ndio hao hao ambao bila yeye wangekesha na magunia yao kando ya reli. Mji huu ulikua juu ya mabega ya watu, kisha ukawafundisha watoto wake kuyaonea haya mabega. Emilian hakuwa na maneno ya kuyasema hayo yote. Alikuwa na mkokoteni, na Jumapili.

Baada ya misa ya kwanza alitandika mkeka, akampakia Masolwa, mwanawe wa miaka minne, pamoja na sufuria ya viazi na dumu la maji. Adelina naye akapanda kwa madaha, kama bibi harusi.

"Panda, mama," Emilian akamwambia Josepha.

"Nitatembea, baba."

"Kwihara si hapa."

"Nitatembea."

Akatembea nyuma, mbali kiasi kwamba mpita njia asingedhani ni mtu wao. Emilian alivuta. Kila alipogeuka aliona lile gauni la kanisani likija peke yake vumbini, akauma meno, akavuta tena.

Makumbusho ni tembe, nyumba ya kale ya udongo mwekundu na kuta nene, walimowahi kukaa Wazungu wasafiri. Mtunzaji wake siku hiyo, bwana mmoja mcheshi aitwaye Adinani, aliwazungusha vyumbani akieleza habari za misafara iliyopita hapo ikienda Ujiji na ikirudi pwani. Masolwa aliuliza choo kilikuwa wapi. Kisha wakafika mbele ya picha ya watu waliojipanga foleni, kila mmoja na mzigo begani.

Emilian akasimama. Hapa ndipo alipokuwa akipaendea tangu stesheni.

"Hawa ni wapagazi, Josepha. Babu wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Zamani zile, kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani na mzigo hakuhesabiwa mwanaume. Hata mke alikuwa hapati."

Josepha aliitazama picha kwa muda mrefu. "Mbona hawana viatu?"

Emilian akamshika Masolwa mkono, akatoka naye nje.

Walipokuwa wakila viazi kivulini, Adinani akaja kuwaaga. "Bwana, kwenu hasa ni wapi?"

"Bukene. Mnyamwezi mtupu. Na wewe?"

"Kisarawe. Mzaramo."

Nyuso zote mbili zikabadilika mara moja. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hutukana, hunyang'anya, na hakasirikiwi. Ila Josepha hakuwahi kuambiwa.

"Kumbe mtumwa wangu!" Adinani akapiga kelele. Akamvua Emilian kofia, akaivaa, akarukia mkokoteni na kukunja nne. "Haya, punda wa Bukene, nivute mpaka mjini! Ndiyo kazi mliyoumbiwa!"

Emilian alikuwa tayari anacheka, akitafuta tusi zuri la kumrudishia, kitu fulani kuhusu Wazaramo na ngoma, aliposikia sauti.

"Shuka!"

Josepha alikuwa amesimama, kiazi kimemponyoka.

"Shuka kwenye mkokoteni wa baba yangu! Baba yangu si punda! Ameutengeneza mwenyewe, kwa mninga! Na kofia yake, toa!"

Adinani akashuka haraka, akavua kofia. "Samahani, mama mkubwa. Huu ni utani tu. Mimi na baba yako ni watani, hatugombani."

"Mimi simjui mtani," Josepha akasema, machozi yakimtiririka. "Namjua baba."

Adelina akajifuta uso kwa upande wa kitenge, akisingizia vumbi. Emilian alipokea kofia yake, akaivaa, kisha akaivua tena kana kwamba haikumtosha.

Wakati wa kurudi, Josepha hakupanda na hakubaki nyuma. Alishika mpini upande wa kushoto, akavuta sambamba na baba yake.

Walipoingia Isevya, Najiat alikuwa bombani na ndoo. Emilian aliuona mkono mdogo ukilegea mpinini. Akatazama mbele. Hili hakuweza kumbebea.

Mkono ukakaza.

"Najiat!" Josepha akaita, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Huyu ndiye baba yangu."

Najiat akatua ndoo, akamtazama Emilian, na bila shaka akakumbuka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mmebeba nini?"

Josepha akageuka kumwangalia Masolwa, aliyelala kinywa wazi miguuni pa mama yake.

"Watu," akasema. "Njoo ushike huku. Wazito."